Mdogo wangu haamini tena, na ubatizo wa mwanangu umekaribia

Shikamoo Shangazi.

Ninaishi Igoma, hapa hapa Mwanza. Ni fundi cherehani, nina fremu yangu ndogo na wasichana wawili wanaonisaidia kushona. Mimi na mume wangu ni Wakatoliki, na kwenye jumuiya yetu ndogo ya waumini wa mtaani mimi ndiye katibu. Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kulipeleka jumuiyani wala kwa mama. Mume wangu nikimwambia anajibu, "Mwache, ni mtu mzima," anageukia ukutani analala.

Mama ametuzaa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Tulikulia Ukerewe. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na alizama usiku mmoja wa giza, zile siku ambazo hakuna mbalamwezi na wavuvi wote wanatoka na taa. Upepo uliupindua mtumbwi, wanne wakazama, akapona mmoja. Hapakuwa na jaketi okozi hata moja. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano. Mama alitulea kwa ungo wa dagaa sokoni na rozari mkononi.

Yule mtoto alikuwa mtumishi wa altare, watu wakisema huyu ni padri mtarajiwa. Leo ni fundi wa injini za boti, ana banda lake karibu na mwalo wa Kirumba. Tabia yake sina la kuisema vibaya. Bandani kwake ametundika jaketi okozi kuukuu kwenye misumari, zile kamba zilizokatika kazishona mwenyewe, na mvuvi asiye na lake anaazima bure, arudishe asubuhi. Mama akilisikia hilo husema, "Mwanangu yule ana Mungu ndani."

Sasa Shangazi, mwaka jana kipindi cha Pasaka alikuja kula kwangu. Nikamwomba atuongoze sala ya chakula. Akaniambia taratibu, watoto wakisikia, "Dada, sali wewe. Mimi siamini tena, muda mrefu sasa. Nimechoka kuigiza." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Toka siku hiyo hatujawahi kuongea vizuri. Nikamtumia mahubiri kwenye simu kila alfajiri, hajibu. Nikamtumia ile Zaburi inayosema "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Akajibu, "Asante kwa kuniita mpumbavu." Siku moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mama mkubwa alituma sala ya asubuhi, yeye akaweka chini yake video ya mhubiri anayewauzia watu maji ya upako, na maneno, "Amkeni." Mama mkubwa akajitoa kwenye kundi na mpaka leo hajarudi. Rafiki yangu mmoja wa jumuiya, niliyemdokeza bila kumtaja mtu, akaniambia mtu wa hivyo lazima ameingia Freemason. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Kibaya zaidi kilitokea kwenye msiba wa jirani yetu, kijana aliyegongwa na lori. Nilimpa mama wa marehemu mkono nikamwambia, kama tunavyosema wote, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Tulipotoka nje akaniambia, "Dereva alikuwa amelewa, dada. Mungu anaingiaje? Na kwa baba mlisema hivyo hivyo, na mwenye mtumbwi amekaa pale pale mkekani anaitikia." Nikamwambia asimtukane Mungu msibani. Akasema, "Wewe unaamini kwa sababu unaogopa." Maneno hayo bado yananichoma.

Sasa kilichonifanya niandike. Nina mtoto wa miezi minne. Kabla hajazaliwa nilishamwahidi mdogo wangu kuwa atakuwa baba wa ubatizo, na mama analijua hilo, ameshalitangaza hadi kwa WAWATA wenzake, wale wanawake Wakatoliki, huko Nansio, Ukerewe. Parokia inataka barua ya jumuiya kwa wazazi na kwa msimamizi. Yeye jumuiyani kwake hajaonekana siku nyingi, kwa hiyo mwenyekiti wake atauliza, na habari zitafika. Nilimuuliza mdogo wangu tufanyeje. Akasema, "Nikisimama pale nikaulizwa kama nasadiki, nitajibu nini? Lakini ukiniambia nisimame nitasimama, kwa sababu ni wewe."

Nimwambie asimame? Nimwondoe? Nimweleze mama ukweli kabla hajaja? Mama ana presha. Na je, ni dhambi yangu kwamba mdogo wangu amepotea? Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba.

Dada mwenye wasiwasi, Igoma

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuniamini na jambo zito namna hii. Wapo wengi Kanda ya Ziwa wanaoishi na jambo kama lako wakilimeza, kwa sababu kwetu mtu hutambulishwa kwa dini kabla hata ya kazi yake. Mkristo akikutana na Mwislamu wanajua namna ya kuishi, wamezoeana tangu utotoni, wanapikiana pilau. Anayesema "sina dini" ndiye tusiyejua tumkalishe wapi.

Kama nimekuelewa, mdogo wako haamini, ninyi wawili mmeshindwa kuliongea hilo bila kuumizana, na sasa ubatizo unataka kuyatoa yote hadharani. Wewe unaumwa kichwa na hilo la mwisho kwa sababu lina tarehe. Mimi naomba kwanza tukae kwenye lile la katikati, maana hata ubatizo ukipita salama, mtabaki ndugu wawili msioweza kukaa meza moja.

Turudi kwenye ule msiba wa jirani. Ulimpa mfiwa mkono ukamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Najua ulichomaanisha, nami nimeshasema hivyo mara nyingi: mama, hujaachwa, mwanao yuko katika mikono mema. Mdogo wako hakusikia hivyo. Yeye alisikia kwamba hakuna wa kuulizwa, dereva aende zake, na mwenye mtumbwi aliyewapeleka watu majini bila jaketi aende zake, maana yote amefanya Mungu. Alipokujibu kwa ukali, wewe nawe ukasikia anamtukana Mungu, wakati yeye alikuwa anamshitaki mwenye mtumbwi. Mlikuwa na kesi mbili tofauti mkazisikiliza siku moja, na hakuna aliyejibiwa ya kwake.

Hebu mfikirie mtoto wa darasa la tano amekaa mkekani, anamwona mtu ambaye wakubwa wote wanajua alizembea, naye anaitikia amina pamoja na waombolezaji. Sisemi hapo ndipo imani yake ilipokufa, sijui. Nasema kama hujawahi kumuuliza alichokiona siku ile, kuna nusu nzima ya ule msiba wa baba yenu ambayo wewe huijui, na yeye ameibeba peke yake.

Na hasira yake hiyo haiko mbali na Injili kama unavyodhani. Wewe unakaa Igoma, karibu na makaburi ya ndugu zetu waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Mamia ya watu walikufa siku ile, karibu kabisa na mji, na ile meli ilikuwa imebeba kupita uwezo wake. Tangu wakati ule tumesikia shuhuda nyingi: Mungu aliniokoa, niliomba nikapona. Simzuii aliyepona kushukuru, angefanya nini kingine? Ila mwenye mtu aliyezama anasikiliza ushuhuda huo huo na kujiuliza, wa kwangu hakuomba? Yesu mwenyewe aliletewa swali la namna hiyo. Katika Luka sura ya 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu kwamba la. Hakusema mnara ule ulikuwa kazi isiyo na makosa. Unaweza kumwambia mdogo wako, "Kuhusu mwenye mtumbwi uko sahihi," na usipoteze hata chembe ya imani yako. Sidhani kama umewahi kumwambia hivyo.

Hapa nikutahadharishe, mwanangu, maana najua moyo wa muumini unavyoruka. Utasema, "Kumbe ni uchungu wa baba! Ukipona, atarudi." Usikimbilie huko. Inawezekana uchungu upo, na inawezekana pia amekaa na mambo haya miaka mingi kichwani kwake, akayapima, akafikia hapo alipofika. Lile neno lake, "unaamini kwa sababu unaogopa," lilikuchoma kwa sababu aliichukua imani yako yote, alfajiri zako zote za sala, akaifanya ugonjwa. Ukimwambia "huamini kwa sababu una kidonda," umemfanyia lile lile. Watu wawili wakishaanza kutibiana badala ya kusikilizana, mazungumzo yamekwisha.

Kuhusu Freemason, naomba uliache palepale lilipotamkwa. Hukuniandikia kitu hata kimoja alichofanya mdogo wako kinachofanana na maneno hayo. Uvumi wa namna hiyo hapa kwetu umevunja biashara za watu na ndoa zao, na ukishatoka jumuiyani huwezi kuukusanya. Rafiki yako akirudia, mwambie huna ushahidi wa hayo na hutaki kuyasikia.

Na ile Zaburi uliyomtumia ni ya 14. Naomba uisome yote, ni fupi. Ukifika mstari wa nne utakuta inawasema wanaowala watu wa Mungu kama walavyo mkate. Mpumbavu anayelaumiwa pale ni mdhalimu, mtu anayewaumiza wanyonge kwa kuwa anaona hakuna wa kumwuliza. Sasa yupi anafanana naye zaidi katika habari uliyonisimulia: fundi anayeshona kamba za jaketi aazimishe bure, au yule aliyewatoa wavuvi usiku bila jaketi? Mimi nakuachia swali hilo. Lakini naelewa kwa nini mdogo wako alijibu vile alivyojibu.

Hayo yote hayamsafishi yeye. Ile video kwenye kundi la ukoo ilikuwa dharau. Mama mkubwa alituma sala ya asubuhi kwa upendo, hakuwa anauza maji ya upako, na kumjumlisha na matapeli ni kumwonea mtu mzima mbele ya watoto wake. Asiyeamini naye ana wajibu wa adabu. Anaweza kusema "mimi siamini" bila kusema "ninyi hamna akili." Hilo unayo haki ya kumwambia waziwazi, kama dada mkubwa, ila umwambie mkiwa wawili, na usilichanganye na habari ya Mungu. Liwe ni suala la heshima kwa mama mkubwa, basi.

Umeniuliza kama ni dhambi yako. Ungeniuliza uso kwa uso ningekushika mkono kwanza. Ulimfundisha ishara ya msalaba kwa sababu ulimpenda, na upendo huo bado unafanya kazi: ndio uliomfanya akuambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Angeweza kuendelea kuigiza hadi uzee. Kanisa lako lenyewe, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, halikuwatupia wasioamini lawama zote. Lilisema waumini nao wanaweza kuwa na sehemu yao, pale wanapoifundisha imani vibaya au wanapoishi kinyume nayo, wakauficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Na likawataka waumini na wasioamini wazungumze kwa unyofu. Sikutajii hayo ujilaumu upya. Ukiyatazama vizuri, yanakuondolea mzigo: yanasema hili ni jambo la watu wengi na la muda mrefu, halikuanzia kwenye vidole vyako.

Sasa ubatizo.

Ukimwambia asimame, atasimama, ameshakuambia. Lakini fikiria atakachoulizwa pale mbele. Wazazi na wasimamizi wanaulizwa kama wanamkataa shetani, kisha wanaulizwa mara tatu kama wanamsadiki Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mdogo wako alikuambia amechoka kuigiza. Kwa hiyo unamwomba mtu aliyechoka kuigiza aigize kwa ajili yako, kwenye jambo ambalo kwako wewe ni takatifu. Yeye atatoka pale na kinyongo asichokitaja. Na wewe, nakujua hata kama hatujaonana, utamsikia akisema "nasadiki" na moyo wako utatumaini kwamba huenda imerudi. Ikija kuonekana haijarudi, utaumia kuliko ulivyoumia siku ya chakula.

Pia kuna sheria ya Kanisa, ambayo nadhani kama katibu unaijua. Ile ya mwaka 1983 inataka msimamizi awe Mkatoliki wa miaka 16 au zaidi, aliyepata kipaimara na komunyo, na anayeishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayopewa. Ile barua ya jumuiya inatafuta hicho cha mwisho. Kuitafuta kwa njia za panya, kwa kumwomba mwenyekiti akuandikie tu, kutawaingiza watu watatu katika uongo mmoja.

Ukimwondoa, nako kuna hatari yake. Anaweza kusikia kwamba upendo wako ulikuwa na masharti, na kwamba mtoto huyu sasa ni wa upande ule wa watu wa Mungu, yeye hana chake. Watu wengi wasioamini hawakuondoka kwenye familia zao. Waliondolewa kidogo kidogo, mwaliko mmoja baada ya mwingine.

Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu msimamizi mmoja tu, wa kiume au wa kike. Mtoto wako anaweza kubatizwa akiwa na mama wa ubatizo peke yake na asipungukiwe na kitu. Na kuna nafasi ambayo mdogo wako anayo tayari, hahitaji barua ya mtu: yeye ni mjomba. Anaweza kumbeba mtoto hadi kanisani, akakaa benchi la mbele na familia, akasimamia sherehe nyumbani, akasema maneno yake kwa mpwa wake kwa ukweli wake wote. Iwapo mtachagua njia hii, asiisikie kwa mtu mwingine. Ukae naye umwambie kwa nini, na useme kwamba ni kwa sababu unaheshimu ukweli wake. Maana ndivyo ilivyo, sivyo? Kama si hivyo, kama unaona aibu tu, usimwambie hivyo, atajua.

Anaweza bado kuumia. Au anaweza kushusha pumzi. Mimi siwezi kukuhakikishia.

Kabla ya hapo, nenda kwa paroko au paroko msaidizi unayemwamini, umweleze. Mapadri wanasikia mambo haya kuliko tunavyofikiri. Ikiwa mdogo wako atakubali kwenda nawe, ni vizuri zaidi. Akikataa, usimlazimishe, na usiende huko ukarudi na ujumbe wa padri kama hati ya mashitaka.

Habari ya mama ndiyo iliyonifanya nisite. Siri hii ni ya mdogo wako. Ukimwambia mama nyuma yake, hata kwa nia njema, hatakuambia tena jambo lolote. Lakini huwezi pia kuiacha ifike Nansio kwa mdomo wa mwenyekiti wa jumuiya, huyo mama mwenye presha akaisikia kwenye mkutano wa WAWATA. Kwa hiyo mwambie mdogo wako mambo yalivyo: barua itaulizwa, watu watasema, mama atajua. Muulize anataka mama ajue vipi na kwa mdomo wa nani. Anaweza kutaka kuvuka mwenyewe hadi Ukerewe akae naye. Anaweza kukuomba muwe wote. Anaweza kusema hayuko tayari, na hapo mtalazimika kutafuta maneno ya kumwambia mama kuhusu msimamizi ambayo si ya uongo, kwa mfano kwamba mmeamua awe mmoja, na sababu nyingine atazisema mwanawe mwenyewe.

Na usimdharau mama. Mwanamke aliyezika mume aliyezama, akalea watoto wawili kwa ungo wa dagaa, ameshakaa na Mungu kwenye giza kuliko mimi na wewe. Huenda ana maswali yake ambayo hajawahi kumwambia mtu. Huenda pia ataumia sana na kulia. Yote mawili yanawezekana, na uwe tayari kwa yote.

Kwa sasa, yale mahubiri ya alfajiri unayomtumia ningekuomba uyapumzishe. Muombee, muombee sana, hiyo haihitaji simu. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anataka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Mdogo wako hajakuuliza bado. Pengine hajakuuliza kwa sababu jibu lilikuwa linafika kila siku kabla ya swali. Nenda bandani kwake siku moja isiyo na jambo, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akifungua injini, umuulize habari za ule usiku na ule mkeka. Akianza kusema, usimjibu siku hiyo.

Na kuhusu mama mkubwa, usimrudishe wewe kwenye kundi. Aliyemtoa ndiye ampigie simu.